BAGA, KIKAANGO NA AIBU YA KUULIZA



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee wangu mmoja alinishika mkono pale tunapovalia viatu akanivuta pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shehe, nimesikia ulionekana mjini na familia yako mnakula baga." Neno baga alilitamka kama mtu anayetaja bangi. Nikamjibu, ndiyo mzee wangu, nilikula, na wiki hii nitaeleza ili wasikie na wengine ambao hawakunivuta pembeni ila wamelisema huko huko. Haya ndiyo maelezo, na ni marefu kidogo, mnivumilie.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti yangu wa mwisho alipata daraja la kwanza. Alhamdulillah. Mimi mwenyewe shule yangu iliishia sekondari, zaidi ya hapo ni madrasa, kwa hiyo mtaelewa furaha niliyokuwa nayo. Nikamwambia, mwanangu, sema unataka nini. Nilitegemea aseme mbuzi, au pilau, au sato mkubwa wa Lamadi. Akasema, "Baba, nataka twende wote tukale baga."

Kwa wazee wangu ambao hawajaiona: ni mkate wa duara unaokatwa katikati, ndani wanaweka nyama ya kusaga iliyokandwa kama kababu pana, kisha jani la saladi, nyanya, kitunguu na sosi. Wapo wanaosema ni haramu kwa jina lake tu, kwa sababu Kiingereza chake kinaanza na neno "ham", na ham ni paja la nguruwe. Ndugu zangu, jina lile linatokana na Hamburg, mji wa Ujerumani. Baga ya kawaida ni nyama ya ng'ombe. Tusiharamishe chakula kwa kusikia herufi tatu. Mtu akikuuliza dalili yako utasema nini?

Lakini jina likiwa salama haina maana kwamba kilichomo ndani ni salama. Hapo ndipo penye maneno.

Mji wetu umekua. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 zimekuja ofisi, wamekuja watumishi kutoka kila pembe ya nchi, na Nane Nane ya kitaifa imefanyika hapa Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020. Zamani kula nje Bariadi ilikuwa ugali kwa mama lishe au chipsi mayai barabarani. Sasa kijana anafungua sehemu ana meza, viti vya plastiki, taa za rangi, na jikoni kuna kila kitu, soseji, kuku, ng'ombe, na kitimoto pia. Sisi Waislamu katika mkoa huu ni wachache. Hatuishi Unguja ambako unakaa tu ukaletewa sahani na roho imetulia. Hapa ukitaka kujua lazima ufungue mdomo.

Siku ya kwenda tulikuwa wanne, mimi, mama watoto, binti na kaka yake, tumebanana kwenye bajaji. Tulipokaribia, binti akaniambia kwa Kisukuma ili dereva asishangae, ingawa dereva alikuwa Msukuma kutuzidi sisi, "Baba, tafadhali, usiulize kama ulivyouliza siku ile."

Sikuhitaji kuuliza ni siku ipi.

Miaka kumi na miwili nyuma, katika mji mwingine si huu, niliingia kwa mama lishe mmoja nikiwa na kanzu yangu na kofia, mtoto huyu ana miaka mitano ameshika kanzu. Kabla sijakaa nikauliza kwa sauti ya mimbari, nyama hii kachinja nani, nyie si mnakula kila kitu? Pale palikuwa na watu wanakula. Wawili wakasukuma sahani, wakanyanyuka. Yule mama akasimama na mwiko mkononi, hakunijibu, akawa anatazama chini. Mimi nikatoka najiona nimesimamia dini. Siku chache baadaye nikajua kwamba nyama yake alikuwa akinunua kwenye bucha la Mwislamu, bucha lile lile ninalonunua mimi. Nilichelewa kwenda kumuomba radhi. Nilipokwenda kibanda kilikuwa kimefungwa, majirani wakasema wateja walipungua akarudi kijijini kwao. Mpaka leo sijampata. Nilidhani mtoto amesahau. Kumbe amekaa nalo miaka kumi na miwili, na siku ya furaha yake ndilo alilokuwa analiogopa.

Basi tukafika. Nikawaacha wakae, mimi nikaenda peke yangu mpaka dirisha la jikoni. Yule kijana mwenye mgahawa akaniamkia, "Shikamoo shehe." Marahaba mwanangu, habari za kazi. Tukasalimiana vizuri, nikamwambia hali yangu kabla ya kumuuliza ya kwake. Nikasema, leo binti yangu amefaulu na amechagua kuja kwako, nasi kwa dini yetu kuna vitu hatuli, naomba unisaidie kujua. Sikumwambia "nyie". Sikuwaza kama ananidanganya. Kijana akafurahi, akaniita ndani.

Akanieleza kitu kimoja kimoja. Nyama ya ng'ombe anaichukua buchani, na bucha inaletewa kutoka machinjio, na machinjio wachinjaji ni Waislamu, ninawajua, mmoja anaswali nyuma yangu. Hiyo imekwisha. Kuku, akasema, wanakuja hai kutoka vijijini na anachinja msaidizi wake. Nikamuuliza msaidizi ni mtu wa imani gani, akacheka, akasema, "Shehe, huyo ni wa mizimu ya babu zake." Soseji hakujua zimetengenezwa na nini, na karatasi ya pakiti ilishatupwa. Kisha yeye mwenyewe, sijamuuliza, akaniambia, "Lakini shehe nisikufiche, kikaango ni kimoja. Asubuhi nilikaanga kitimoto humu."

Ndugu zangu, mimi ningewezaje kujua lile la kikaango? Angeweza kunyamaza akachukua fedha yangu. Mtu asiye wa dini yangu amenilindia dini yangu, kwa sababu nilimuuliza kama mtu anayemheshimu.

Nikashika kidevu. Binti ananitazama kutoka mezani. Kijana akasema, "Subiri shehe." Akamtuma mdogo wake na baiskeli nyumbani kwao akachukue kikaango cha mama yao. "Mama yangu ni Msabato," akasema, "nguruwe kwake haingii hata uani." Wenyeji wa huku mnawajua Wasabato, katika jambo la nguruwe tunasimama safu moja.

Tukasubiri karibu dakika arobaini. Kisu na ubao wa kukatia akaleta vingine, mkono akanawa mbele yangu bila kuambiwa. Sosi ilikuwa ya nyanya tu. Tukala baga za ng'ombe, kuku tukamwacha, soseji tukaziacha.

Sasa elimu yake, kwa ufupi, maana wengine mtauliza dalili. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani, Allah amridhie, alimuuliza Mtume swallallahu alayhi wasallam jambo la namna hii hii: tunaishi jirani na watu wa Kitabu, wanapika nguruwe katika vyungu vyao, tufanyeje? Akaelekezwa kwamba kikipatikana chombo kingine watumie hicho, na kama hakuna waoshe kisha wale. Angalieni, hakuambiwa ahame. Hakuambiwa avunje vyungu vya watu. Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i najisi ya nguruwe ni nzito, kauli inayojulikana ni kuosha mara saba na moja kwa udongo, ingawa Imam Nawawi aliona dalili ya kuosha mara moja ina nguvu zaidi. Kikaango cha mama Msabato kilitutoa kwenye mjadala wote huo, na mimi nilishukuru, kwa sababu sikuwa na hamu ya kutafuta udongo mbele ya wateja.

Kuhusu kuku: Surat al-Maida imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na masheikh wana maelezo yao marefu juu ya nani anaingia humo. Lakini anayechinja kwa imani ya mizimu hayumo. Na pale ambapo Mwislamu ameletewa nyama na Waislamu wageni katika dini, hajui kama walitaja jina la Allah, Mtume alielekeza ataje yeye bismillahi ale. Kwa hiyo dini hii haikutaka tuwe wapelelezi wa kila kipande. Uliza pale penye sababu ya kuuliza. Ukipata jibu, shika jibu. Usianze kumuuliza muuza bucha jina la babu wa ng'ombe.

Na kwa nini nalikazania jambo la namna ya kuuliza? Kwa sababu kanda yetu hii ya ziwa tunajua linakofika. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, si mbali na sisi, ugomvi wa nani achinje nyama za buchani ulifika mpaka mchungaji akauawa. Damu ya binadamu kwa sababu ya damu ya ng'ombe. Wakubwa wa serikali wakaja, vikao vikakaliwa, wakasema utaratibu wa zamani uendelee, Waislamu wachinje nyama ya kuuzwa kwa wote. Vizuri. Lakini utaratibu ule, kabla ya kuwa neno la serikali, ulikuwa ihsani ya majirani. Jirani Mkristo anakuita umchinjie mbuzi wa harusi ili na wewe upate kula. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anafanya kwa sababu anakupenda. Mtu wa namna hiyo ukimsemesha kama mshitakiwa, siku moja atachoka, na mwisho wa kuchoka kwake tumeuona.

Kwa hiyo mzee wangu wa Ijumaa, nakuomba radhi kama nilikukwaza, lakini sikubaliani nawe kwamba imamu hakutakiwa kuonekana pale. Nilipaswa kuonekana pale. Vijana wetu wanaingia sehemu hizi kila wiki na wanakula bila kuuliza, na nimewauliza kwa nini, wananiambia "shehe, unaona aibu." Aibu hiyo tumewapa sisi. Wametuona tukiuliza kwa ukali mpaka wamejua kuuliza ni kugombana, basi wao wakachagua kunyamaza na kula. Baba akitoka na watoto wake, akauliza kwa adabu mbele yao, mtoto anajifunza kwamba inawezekana.

Na kuna jambo jingine sikulitegemea. Mama watoto tumekaa naye miaka ishirini na saba. Baga ilipoletwa aliigeuza geuza, akasema hii ni kababu iliyovaa koti, akaila kwa uma kwa sababu haikuenea mdomoni. Alipomaliza akanyanyuka akaanza kukusanya sahani. Binti akamshika mkono, akamwambia, mama kaa, watachukua wenyewe. Akakaa, lakini mikono haikujua iende wapi. Katika miaka ishirini na saba sikuwahi kumpeleka mahali akaletewa chakula na mtu mwingine, ukiacha misibani na harusini, na huko pia huwa jikoni. Mimi ndiye ninayewasomea watu kwamba dinari bora ni ile unayotumia kwa watu wako wa nyumbani. Nimeisoma mara ngapi juu ya mimbari!

Wako wanaosema ni israfu. Nimelipa shilingi 32,000 kwa watu wanne, na nakubali kwamba kwa fedha hiyo ningepika nyama nyumbani ikabaki ya kesho. Anayefanya hivyo kila Jumamosi na madeni dukani hajalipa, huyo nitamwambia ni israfu bila kuuma maneno. Mara moja, kwa mtoto aliyesoma kwa bidii, mimi siiti hivyo. Ladha yenyewe, nikisema kweli, matobolwa na maziwa mgando yananitosha. Lakini Mtume hakuwa akikiaibisha chakula, akikipenda anakula, asipokipenda anaacha, basi nami naishia hapo.

Kwa ndugu zetu wenye migahawa, Waislamu na wasio Waislamu, ombi langu ni dogo. Wekeni kikaango cha pili na mkiweke mbali na kile cha kitimoto. Tafuteni Mwislamu wa jirani awachinjie kuku asubuhi, ni kazi ya dakika chache, wengi wetu tutafanya bure. Kisha andikeni ukutani kwa chaki tu mjue ni kipi cha kipi.

Jana binti ameniaga anakwenda pale na rafiki zake watatu wa shule, mmoja wao Mwislamu. Nikampa nauli. Aliporudi nikamuuliza, mmekula nini? Akasema ng'ombe, kuku bado anachinja yule yule. "Umejuaje?" Akasema, "Nimeuliza, baba. Na kile kikaango cha mama yake hakijarudi nyumbani, kimetundikwa ukutani peke yake."