Bei ya Nyumba ya Marehemu



Alinijia mama mjane, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kibera miaka mingi. Eda imekwisha, naye ataka kurudi kwao. Marehemu ameacha nyumba ya vyumba vinane vya kupangisha. Mwanawe mkubwa ameitangaza kwa shilingi milioni mbili, akisema, “Kawangware watu wanauza kwa mamilioni, na mnunuzi atashusha mwenyewe.” Miezi minne imepita, waliokuja kuitazama hawakurudi. Mama akaniuliza, “Sheikh, bei yangu ni ipi?”

Nikamwuliza, “Mwanangu, unauza nini?” Kibera, sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali, muuzaji huuza kuta na mabati, hauzi udongo ulio chini yake. Hata zile ekari 288 ambazo Wanubi walipewa hati yake mwaka 2017 ni ardhi ya jamii, si ya mtu mmoja mmoja. Kawangware viko viwanja vingi vyenye hati za watu binafsi. Basi bei ya huko haiwi kipimo cha huku. Mnunuzi hajasahau kwamba Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara, na hofu hiyo huitia katika hesabu yake.

Tukahesabu pamoja. Vyumba vinane kwa shilingi 2,500 ni 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Tukatoa 40,000 za matengenezo na za vyumba vinavyokaa vitupu, zikabaki 200,000. Milioni mbili, basi, ni kodi ya miaka kumi. Nani atalipa kodi ya miaka kumi kwa nyumba isiyo na ardhi?

Nikamwambia aulize nyumba za uchochoro wake ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, si ziliitishwa kiasi gani. Kisha aongeze kidogo tu, iwe nafasi ya kupatana. Bei ikipanda mno, nyumba hukaa sokoni hadi watu wakaanza kuuliza ina kasoro gani. Ikishuka mno kwa sababu ya dhiki, faida yote huenda kwa dalali.

Kijana alikuwa amekusudia kuleta rafiki zake wajifanye wanunuzi ili kupandisha bei. Hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume wetu (s.a.w.). Na paa likivuja, mnunuzi aambiwe. Baraka ya biashara imo katika ukweli wa pande zote mbili.

Lakini neno zito lilikuwa bado. Nyumba ile si ya mama peke yake, wala si ya kijana. Yakishalipwa madeni ya marehemu na kutekelezwa wasia wake, mjane ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Nao mabinti wawili walioolewa wana haki yao pamoja na ndugu yao. Hakuna aliyewauliza. Bei iliyotajwa bila idhini yao ni bei ya mali ya watu.

Jumapili wakaketi wote, binti mmoja akiandika. Kiasi walichokubaliana nakiacha nyumbani mwao. Najua tu kwamba ni chini ya milioni mbili, na kwamba mama sasa akiulizwa bei huitaja bila kumtazama mwanawe. Mgawanyo wataupeleka kwa Kadhi.

Wabillahi tawfiq.