Diski Isitutie Hasara

Wanafunzi wenzangu, Windows ikiharibika katika laptopu, wengi wetu hukimbilia mjini kununua diski ya kunakiliwa, ati kwa kuwa ile ya asili haipo. Mimi naona hiyo ni hasara, na virusi juu yake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zilizouzwa na Windows zina namba ya idhini ndani yake. Kitakiwacho ni flashi ya GB 8, na programu itolewayo bure na Microsoft katika intaneti, ya kuiweka Windows humo. Lakini flashi hiyo hufutwa yote kwanza! Mimi nilihifadhi humo insha za muhula mzima, nikazipoteza. Basi, ndugu, kazi zako ziweke katika flashi nyingine. Diski ina badala. Jasho la muhula halina.