Ufunguo wa Sanduku la Barua

Mwenye sanduku la posta mjini Kyela haletewi barua nyumbani. Barua humngoja posta mpaka siku atakayopata nafasi ya kwenda kulifungua. Wako wanaouona utaratibu huo kuwa wa kizamani, lakini ndio uliofuatwa mwaka 1984 ilipotangazwa kanuni ya POP, jina ambalo maana yake ni kanuni ya ofisi ya posta. Barua pepe ilikaa katika seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi, na mpokeaji akaifuata kwa wakati wake.

Leo ufunguo umekabidhiwa programu. Aghalabu programu ya barua pepe, isiporekebishwa, hujiunganisha na intaneti bila kumwuliza mtu. Iliyopangiwa kila dakika 15 hubisha hodi seva mara 96 kwa siku, hata mwenyewe akiwa usingizini. Hodi yenyewe hula data kidogo. Kinachomaliza bando ni picha na viambatisho vinavyoshushwa kabla ya mtu kuamua kama anavihitaji. Tena penye mawimbi hafifu simu hutumia nguvu nyingi zaidi kuufikia mnara, na betri huisha upesi.

Mpango huo humfaa anayelipia intaneti kwa mwezi bila kuhesabu. Mwanafunzi wa Matema au Ipinda, ambaye bando lake limetokana na kakao au mpunga wa wazazi, hulikuta limepungua kabla hajafungua somo lolote. Huko Kasumulu, ambako ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, iko hatari nyingine: simu iliyoruhusiwa kutumia data ya mtandao wa kigeni yaweza kudaka mnara wa ng'ambo, nayo programu ikaendelea kubisha hodi kwa bei ya ugenini.

Dawa yake si ngumu. Katika kompyuta, iondolewe alama inayoiamuru programu kutafuta barua inapofunguliwa na kila baada ya dakika kadhaa. Katika simu, uzimwe usawazishaji wa kujiendesha. Hofu ya kupotewa na barua haina msingi, maana barua hubaki katika seva, na ujumbe mfupi wa kawaida wa simu hauhitaji bando la intaneti. Anayengoja habari ya dharura kwa barua pepe, huyo na auache mlango wazi. Ni haki yake, mradi ameamua mwenyewe.

Masomo ya kompyuta hufundisha kufungua na kutuma, kufunga husahauliwa. Walimu wa hisabati wanaweza kulianza somo hilo bila kungoja mtaala, kwa kutumia kipimo cha data kilichomo katika simu. Wiki ya kwanza programu iachwe ijiunganishe itakavyo, wiki ya pili ifunguliwe mara moja tu kila jioni, kisha tofauti iandikwe ubaoni kwa megabaiti na kwa shilingi.