SAA YA KUCHAJI BASI NI SAA YA KAZI

Ndugu wafanya kazi,

Mimi ni mtu wa reli, si mtu wa mabasi, na huenda mwingine akauliza nina shauri gani na magari ya stima. Lakini shauri la gari kungoja chakula chake ni la kale sana katika reli, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo.

Tangu mwaka 2022 mabasi ya stima yanabeba abiria Nairobi. Hayanywi dizeli. Yana betri kubwa, na nguvu zikipungua hurudi yadini yakafungwa waya na kuchajiwa. Mimi sisemi kuwa ni kitu kibaya. Moshi umepungua, na stima yetu ya Kenya sehemu kubwa hutoka katika mvuke wa Olkaria, na maji, na upepo. Neno langu ni moja tu: basi likiwa limefungwa waya, mtu wake yuko kazini au hayuko?

Shemeji yangu ni dreva wa basi la namna hiyo. Huingia kazini saa 11 alfajiri. Mchana hurudisha basi yadini, na akikuta mengine mbele yake hungoja saa nzima na zaidi. Jioni hulipwa kwa hesabu ya safari alizokwenda, na ile saa ya kungoja haimo. Alipouliza, tajiri wake akamwambia, "Wakati ule ulikuwa unapumzika." Ni mapumziko gani haya, ndugu zangu? Hawezi kwenda kwake, hawezi kuliacha basi, na akiitwa asipoonekana zamu yake imekwenda.

Wazee waliofanya kazi na injini za moshi walitueleza habari zake. Injini ile haikuwashwa kwa ufunguo. Ilitaka saa nyingi kupata moto, ilitaka maji njiani, ilitaka kuoshwa boila. Kazi hizo zilikuwa na watu wake na zamu zake. Sijamsikia mzee hata mmoja akisema kwamba injini ilipokuwa ikinywa maji stesheni, dreva na fayamani walihesabiwa kuwa wamepumzika.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme yadi ina mabasi 10, kila moja betri ya uniti 200, na kila mashine ya kuchaji ni ya kilowati 50. Basi moja litajaa kwa saa 4. Yote 10 yakifungwa pamoja saa 1 jioni, yadi itataka mashine 10 na kilowati 500 kwa mara moja, wakati ule ule kila nyumba inawasha taa. Lakini yakifungwa 5 saa 4 usiku, na 5 mengine saa 8 usiku, mashine 5 na kilowati 250 zitatosha, na kufika saa 12 asubuhi yote yamejaa.

Tena kuna bei. Mwaka 2023 iliwekwa bei ya pekee kwa stima ya magari: shilingi 16 kwa uniti, na saa za usiku shilingi 8, kabla ya kodi na nyongeza. Kwa bei zile, tajiri akichaji usiku, tofauti kwa uniti 2,000 za mabasi yale 10 ni shilingi 16,000. Hiyo ni faida ya haki, wala simwonei wivu. Lakini nani anaamka saa 8 usiku kutoa waya kwa basi hili na kuutia kwa lile? Ni mfanya kazi. Faida yote ile inapita mikononi mwake.

Basi nasema hivi. Kwanza, saa ya kungoja chaji ihesabiwe saa ya kazi na ilipwe. Pili, mtu wa usiku aandikwe kwa mkataba, asiwe askari wa lango anayeongezewa kazi bure. Afundishwe kazi hiyo na apewe vifaa, kwa kuwa stima ya mashine zile ni ya volti mamia, na betri ikishika moto haizimiki upesi, tena huweza kuwaka mara ya pili. Tatu, mafundi wa dizeli wafundishwe kazi ya betri kabla ya kuambiwa hawahitajiwi. Dizeli ilipokuja katika reli, fayamani hakuwa na moto wa kuchochea tena. Tusingoje siku hiyo ndipo tuulize.

Mabasi haya bado ni machache, na desturi zake hazijakomaa. Huu ndio wakati wa kukaa mezani na wenye mabasi na kuandika mapatano. Tukinyamaza sasa, kungoja bila malipo kutakuwa desturi, na desturi ni ngumu kuing'oa kuliko reli. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana