Mama Akirudi Chuo, Matumizi ya Mtoto Hayasimami

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.


Ndugu zangu wa Malolo, wa Mikumi, na kila unayesoma hapa, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalimaliza kwa matusi kwenye simu badala ya kulimaliza kwa elimu.

Mwanamke ameachika na mtoto mdogo. Analea peke yake kwa vibarua vya shambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kisha anapata nafasi ya kusoma: VETA Mikumi, au chuo cha ualimu Ilonga. Mtoto anabaki kwa bibi yake. Haupiti muda baba anasema: "Kama una hela ya ada, hela ya mtoto huikosi. Mimi sitoi tena."

Ndugu yangu, neno hili ni jepesi mdomoni, lakini ni zito mbele ya Allah. Tulipime.

KWANZA: Matumizi ni haki ya nani?

Ni haki ya mtoto. Soma Suratul-Baqara aya ya 233. Allah amemwekea baba jukumu la chakula na mavazi kwa wema, kila mtu kwa kiasi cha uwezo wake, na akakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Sasa nionyeshe mahali ambapo wajibu huo unaondoka kwa sababu mama ameshika daftari. Hakuna. Wanazuoni wameeleza kwamba baba akiwa na uwezo na mtoto hana mali yake, matumizi ni juu ya baba hata kama mama ana mali. Ikiwa mama tajiri hamwondolei baba wajibu, vipi mama mwanafunzi anayekula ugali wa bwenini?

PILI: "Lakini mtoto hayuko naye, yuko kwa bibi."

Hoja hii Qur'ani imeshaijibu. Aya hiyo hiyo, na aya ya 6 ya Suratut-Talaq, zimezungumzia hali ya mtoto kunyonyeshwa na mwanamke mwingine asiyekuwa mama yake. Je, baba aliambiwa mfuko wake umepumzika? Hapana, anatakiwa kumlipa huyo anayemhudumia mtoto. Kwa hiyo pesa inamfuata mtoto alipo. Akiwa kwa bibi, tuma kwa bibi. Na usitumie chuo kama fimbo ya kumnyang'anya mama malezi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama asipokuwepo, anayefuata katika haki ya kulea ni mama yake mzazi. Mtoto aliye kwa bibi mzaa mama, salama na anayetunzwa, hajatupwa.

TATU: Nawe dada yangu, sikiliza.

Ada yako si matumizi ya mtoto. Usimdai mtalaka wako karo ya chuo kwa jina la uji wa mtoto. Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume (S.A.W) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi cha kutosha, aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na mwanawe, kwa wema. Zingatia mpaka huo: kinachotosha, kwa wema. Hind alikuwa mke ndani ya ndoa. Wewe eda yako ikishakwisha, kilichobaki ni cha mtoto, nacho kifike kwa mtoto. Mwambie baba mtoto yuko wapi, na usimzuie kumwona. Baba anayefichwa mtoto hupata kisingizio, na kisingizio hula haki ya mtoto.

NNE: Je, baba ndiye anayerudi chuo?

Hapa tuwe waadilifu. Suratut-Talaq aya ya 7 inasema mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyebanwa riziki atoe katika alichopewa. Kwa hiyo kipato kikipungua kweli, kiwango kinaweza kupungua. Lakini kupungua si kufutika. Mwanamume aliyepata ada, nauli na simu mpya ya chuo, kisha akasema hana hata debe la mahindi la mwanawe, huyo hajabanwa riziki. Huyo amepanga foleni na akamweka mtoto nyuma. Mtume (S.A.W) ametutahadharisha kwamba inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi kwa kuwapoteza wale walio chini ya ulezi wake. Na akishindwa kabisa, babu mzaa baba anaingia, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi. Wazee wa Malolo, mnalisikia hilo?

TANO: Sheria ya nchi inasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba awatunze watoto wake wawe kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, kabla ya kupanga kiwango, iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa kipato wa anayetakiwa kutoa, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Basi kurudi chuo kunaweza kuzungumzwa katika kiwango, kwa mama na kwa baba. Ila aliyepangiwa na mahakama asijipunguzie mwenyewe. Arudi mahakamani aombe kiwango kitazamwe upya.

Na wapo mabinti waliozaa wakiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi katika shule za kawaida. Baba wa binti, tambua kwamba mwanao aliye chini ya miaka 18 bado naye ni mtoto mbele ya sheria. Una wajibu kwake, na kosa lake halijakufutia wajibu huo. Ukimfungia mlango wa shule, umewaangusha wawili kwa siku moja.

SITA: Fanyeni hivi kabla ya kufungua chuo.

Kaeni na wazee wa pande zote mbili. Andikeni kiwango, tarehe, na nani anapokea. Tumeni kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Anayelima anaweza kuleta mpunga wakati wa mavuno, muhimu kiwango kijulikane. Ikishindikana, nendeni kwa shehe wa kata au kadhi wa wilaya wa BAKWATA apatanishe. Lakini mjue, kadhi wa Bara hana mamlaka ya kidola ya kumlazimisha mtu alipe, tofauti na Zanzibar. Anayekaidi, mwende kwa afisa ustawi wa jamii, naye atawaelekeza mahakamani.

Na usinyamaze miaka mitano ukasema utadai yote siku moja. Katika madhehebu ya Shafi, matumizi ya mtoto yaliyopita hayageuki kuwa deni mpaka kadhi awe ameyapitisha, au ameruhusu kukopa kwa ajili yake. Wahi mapema.

Kaka yangu, mama anayesoma leo ndiye atakayemsomesha mwanao kesho. Ukimkatia matumizi ili arudi kwenye vibarua, unaweza kumshinda. Lakini aliyelala njaa kwa ushindi wako ana jina lako.

Ewe Allah, tupe riziki ya halali na moyo wa kuitoa kwa wanaostahiki. Wafungulie kina mama wanaolea peke yao, na wafanye watoto wetu tulizo la macho yetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.