Mazungumzo ya Nyumbani: Mgeni Aliyesema Asante



Ugomvi wa mpaka hakuna asiyeujua. Jirani husogeza mpaka wa shamba hatua mbili, na mwenziwe, kwa kuona haya, hunyamaza. Miaka hupita, wazee hufa, na watoto wao hupelekana barazani. Hapo mzee wa baraza huuliza swali moja: "Baba yako alipouona mpaka huu, alisema nini?" Juma hili nataka kuwachukua hata Asia, mkaone jinsi swali hilohilo lilivyoulizwa mataifa mawili kwa ajili ya magofu ya hekalu.

Hekalu hilo laitwa Preah Vihear. Limesimama juu ya milima ya Dangrek, kati ya Thailand na Kambodia. Sehemu yake kubwa ilijengwa katika karne ya 11 na ya 12 na wafalme wa Wakhmer, wazee wa watu wa Kambodia, kwa heshima ya Shiva, mungu wa Wahindu. Mgeni akija kutoka kaskazini huzipanda ngazi za mawe, akawapita nyoka wa mawe wenye vichwa saba, kisha lango baada ya lango, njia ikizidi kupanda, mwendo wa mita 800. Kuta zimepasuka, na mnara wa patakatifu umeanguka. Akifika nyuma yake, nchi inakatika ghafula! Ni jabali tupu, na chini kabisa, mita 500 hivi, tambarare ya Kambodia imetandazwa kama mkeka.

Basi taabu ilianzia hapo. Upande wa Thailand mlima wateremka polepole, na ndiko ngazi zinakoanzia. Upande wa Kambodia ni jabali.

Mwaka 1904 Wafaransa, waliokuwa wakitawala Kambodia, walipatana na Siam, ndiyo Thailand ya leo, kwamba hapo mpaka ufuate mgongo wa milima, mahali maji ya mvua yanapogawanyika. Lakini ramani ilichorwa na maofisa wa Kifaransa, nayo ililiweka hekalu ndani ya Kambodia. Mwaka 1908 ramani zikapelekwa Siam. Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwana wa Mfalme Damrong, hakugomba. Alishukuru, tena akaomba nakala 15 zaidi kwa ajili ya wakuu wa majimbo!

Mwaka 1930 Damrong yuleyule, ambaye sasa hakuwa waziri tena, alikwenda kulizuru hekalu. Mlangoni alimkuta ofisa wa Kifaransa amevaa mavazi rasmi, na bendera ya Ufaransa inapepea. Alikaribishwa kama mgeni, naye akakubali kuwa mgeni. Aliporudi kwake alimpelekea ofisa yule picha za safari na maneno ya shukrani.

Kambodia ilipata uhuru mwaka 1953. Mwaka uliofuata askari wa Thailand wakalishika hekalu. Kambodia haikuchukua bunduki. Mwaka 1959 ilikwenda Mahakama ya Kimataifa iliyo The Hague, katika Uholanzi. Thailand ikasema: ramani ina kosa, haifuati mgawanyiko wa maji. Nayo Mahakama ikajibu kama mzee wetu wa baraza: ramani mliipokea, mkaitumia, na mgeni wenu alikaribishwa na mwenye nyumba akashukuru. Kwa nini hamkusema wakati ule? Tarehe 15 Juni 1962 mahakimu tisa dhidi ya watatu waliamua kwamba hekalu li katika nchi ya Kambodia.

Askari wa Thailand waliondoka. Lakini hawakukubali kuiteremsha bendera yao. Waliung'oa mlingoti pamoja na bendera ikipepea, wakauhamishia upande wao. Januari 1963 Sihanouk, mkuu wa Kambodia, alilipanda jabali pamoja na watawa wa Kibuddha. Alipofika juu alitangaza kwamba kila Mthai aweza kuja kulitazama hekalu bila viza. Wahenga wetu wangemwelewa: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Juni 1979 wakimbizi wa Kambodia zaidi ya 40,000 waliletwa kwa mabasi na serikali ya Thailand hata mahali hapo, wakalazimishwa kuteremka jabali na kurudi kwao, katika nchi iliyofukiwa mabomu. Wengi walikufa. Mwaka 2008 hekalu liliandikwa katika Urithi wa Dunia, na ugomvi ukafufuka juu ya ardhi iliyolizunguka. Mwaka 2011 mizinga ilipigwa, mawe ya kale yakavunjika, watu wakafa pande zote mbili. Mwaka 2013 Mahakama ilieleza tena kwamba kilima chote ambacho hekalu limesimama juu yake ni cha Kambodia. Hata hivyo, Julai 2025 vita viliwaka siku tano katika sehemu nyingi za mpaka, na watu zaidi ya laki mbili wakakimbia makwao. Desemba wakapigana tena, mpaka tarehe 27 walipokubaliana kusimamisha mapigano.

Fikirini. Waliokimbia ni wakulima wa mpunga na mihogo, akina mama wenye watoto mgongoni. Wengi wa pande zote mbili ni Wabuddha, wa dini moja. Hakuna aliyewazuia kusali kwa ajili ya hekalu la Shiva, wala hakuna aliyeshiba kwa mawe yake.

Nadhani tuna mafunzo mawili. La kwanza, kimya si jambo dogo. Ukiona mpaka umekosewa, sema mapema na kwa upole, wewe mwenyewe, wala usiwaachie wajukuu kesi. La pili, hukumu hutaja mwenye mali, lakini haiponyi moyo wa aliyeshindwa. Dawa ya moyo huo ni kama ile ya Sihanouk juu ya jabali: aliyeshinda amkaribishe jirani aje atazame.

Basi Jumamosi moja wachukueni watoto mkatembee mpakani mwa shamba lenu. Lakini msiende peke yenu. Mwiteni jirani naye aje na wanawe, mhesabu miti ya mpaka pamoja, kisha mrudi nyumbani mle pamoja.

Kwaherini hata juma lijalo.