Kanisa lisiishie stendi ya Same



Wiki chache zijazo vyuo vikuu vitafungua milango kwa mwaka mpya wa masomo, na stendi ya Same itajaa mabegi kuliko kawaida. Utawaona vijana walioshuka alfajiri kutoka Mamba, Vudee, Chome, Gonja na Suji. Kila mmoja ana begi la nguo, ndoo yenye vyombo ndani, na mfuko wa mahindi na maharage ambao mama amesisitiza uende, maana anaamini kwamba mtoto wa Kipare asiyepika makande huko aendako atakonda. Pembeni amesimama baba, amevaa koti la kanisani ingawa ni siku ya kazi. Basi likifika watakumbatiana, mama atafuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha safari itaanza: wengine Arusha na Moshi, wengine Dodoma, wengine Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka nyumbani.

Jumapili iliyotangulia, huenda uliwaona vijana haohao wamesimama mbele ya madhabahu. Mchungaji au padri aliwawekea mikono. Kwaya iliimba. Kapu lilipitishwa. Wewe pia ulitoa, na ulifanya vyema.

Lakini naomba nikuulize swali ambalo mimi mwenyewe liliwahi kunishinda: mwezi wa pili baada ya basi lile kuondoka, ni nani katika kanisa lako anayejua yule mtoto analala wapi, anakula nini, na anasali na nani?

Miaka kadhaa iliyopita, usharika wetu ulimsindikiza binti mmoja, wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu. Tulifanya harambee, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Nilitangaza jumla ya fedha mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Tulimkabidhi bahasha, tukapiga makofi, tukaenda kula.

Baada ya hapo hatukumpigia simu. Si kwamba tulimchukia. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amepiga.

Bahasha yetu iliishia kwenye ada ya usajili na chumba. Fedha nyingine alizotegemea zilichelewa. Wiki ya tano binti alikuwa anakula mara moja kwa siku. Mama yake akipiga simu kutoka mlimani, alijibu, "Niko salama, mama, masomo yanaendelea." Hakutaka kumtia presha mama ambaye alikuwa amekwisha kuuza mbuzi. Kanisani alikuwa na namba moja tu ya simu, ya mchungaji, na mchungaji alikuwa amehamishiwa usharika mwingine.

Aliyemwona ni mama lishe anayeuza chakula nje ya geti la chuo. Yeye hakuwa na shahada wala cheo cha kanisa. Aligundua tu kwamba mteja wake wa wali maharage sasa ananunua chai. Siku ya tatu akamwambia, "Mwanangu, leo tena chai tupu? Kaa hapo." Akampakulia sahani, akaandika deni kwenye daftari, na jioni akamshika mkono akampeleka kwa wanafunzi waliokuwa wakikutana kusali chini ya mti. Mama yule si wa dhehebu letu.

Binti alimaliza chuo. Tulipomfanyia ibada ya shukrani nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mchango wa usharika. Alipopewa nafasi alisimulia habari za daftari la mama lishe, taratibu, bila kumlaumu mtu. Niliikunja hotuba yangu nikaitia mfukoni.

Tangu siku hiyo, kila nikisoma sura ya mwisho ya Waraka wa Paulo kwa Warumi, nasimama kwenye aya mbili za mwanzo. Ni rahisi kuziruka, kwa sababu zinaonekana kama salamu tu. Paulo anamtambulisha dada mmoja, Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari iliyokuwa karibu na Korintho. Fibi anakwenda Rumi, mji mkubwa ambako mgeni anaweza kupotea mchana kweupe. Paulo angeweza kuishia kumwombea. Badala yake anaandika jina lake, anaeleza yeye ni nani, na anawaomba Wakristo wa Rumi wampokee na kumsaidia katika jambo lolote atakalohitaji. Kisha anaendelea kutaja watu, zaidi ya ishirini kwa majina, wakiwamo Prisila na Akila ambao kanisa lilikutana nyumbani mwao. Fibi alikwenda Rumi akiwa na watu wa kuwatafuta na mlango wa kubisha.

Utaratibu huo tunao. Mkristo akihama kutoka Same kwenda Tanga, hupewa barua ya utambulisho aipeleke kanisa la huko. Lakini mwanafunzi hatumpi. Tunasema, "Huyu hahami, atarudi likizo." Tunasahau kwamba shahada nyingi huchukua miaka mitatu au minne, na katika miaka hiyo kijana anaweza kubadilika kabisa.

Wewe ambaye hujawahi kuingia chuo kikuu, usidhani maisha ya kule ni madarasa tu. Vyuo vyetu vimekuwa miji. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Leo ni maelfu kwa maelfu. Watu wa milima yetu wamekijua kilima kile tangu zamani. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, alifundisha pale. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetandazwa kwenye vilima kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka bila kukutana na mwenzake wa kijiji kimoja.

Simama mbele ya ubao wa matangazo wiki ya kwanza. Kuna ratiba ya kuwatambulisha wanafunzi wapya. Kuna majina ya waliopangiwa vyumba na ya wasiopangiwa. Kuna mdahalo wa Ijumaa, mechi ya Jumamosi, kampeni za serikali ya wanafunzi. Mtu anauza kompyuta iliyotumika, mwingine ameokota kitambulisho, kwaya inatafuta sauti ya nne. Kijana aliyetoka milimani anasoma yote hayo na hamjui hata mmoja wa walioandika. Jioni wenzake wamekaa kwenye vimbweta, makundi makundi, wanajisomea na kucheka. Yeye anapita pembeni akijifanya ana haraka.

Katika ubao huohuo kuna matangazo yanayokuhusu wewe mzazi Mkristo. Wakatoliki wana TMCS. Makanisa ya CCT yana USCF. Waadventista wana TUCASA, Wapentekoste wana CASFETA, na kuna TAFES inayokusanya vijana wa madhehebu mbalimbali. Wiki za mwanzo ndizo wanazowakaribisha wageni wa mwaka wa kwanza. Kijana anayepata mtu wa kumshika mkono wiki hizo huwa na wa kumuuliza, "Jana hukuonekana, unaumwa?" Asiyepata hakosi wa kumkaribisha. Baa inakaribisha. Michezo ya kubahatisha inakaribisha kupitia simu yake mwenyewe. Mtu mzima mwenye gari na fedha naye anakaribisha.

Utaniambia, "Hao ni watu wazima, waachwe wajitegemee." Ni kweli, ni watu wazima. Fibi naye alikuwa mtu mzima, tena mtu wa kutegemewa. Paulo hakumtambulisha kwa sababu ni dhaifu, bali kwa sababu ni wetu.

Sisi wa Upareni tuna mwalimu wa jambo hili, naye ni ndiva. Wazee wetu walijenga mabwawa yale ya udongo na mawe kwenye miteremko kwa sababu waliujua ukame wa kule chini. Usiku maji ya kijito huingia ndivani na kukusanyika. Mchana hufunguliwa yakashuka kwa zamu mpaka kwenye shamba la mwisho. Tope likijaa, baragumu hupigwa, watu hutoka kwa msaragambo kulizoa. Hakuna mzee mwenye akili anayefungulia maji yote asubuhi moja kisha akashangaa mahindi yakinyauka wiki ya tatu.

Harambee zetu za wanafunzi ndivyo zilivyo. Tunafungulia ndiva yote siku moja, kwa shangwe, kisha tunaondoka.

Wakristo wa Filipi walifanya tofauti. Soma sura ya nne ya waraka wao. Paulo anakumbuka kwamba alipoondoka Makedonia hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea. Alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja. Na alipokuwa kifungoni walimtuma mtu, Epafrodito, mwenye miguu ya kufika na macho ya kuona hali yake. Kwa Wafilipi, kumsindikiza Paulo kulikuwa mwanzo tu wa kazi.

Basi tufanye nini? Nakupa mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

La kwanza ni orodha. Kabla mabasi hayajaondoka, katibu wa usharika au parokia aandike jina la kila mwanafunzi, chuo, kozi na namba ya simu. Daftari hilo likae ofisini, lisikae kwenye simu ya mchungaji, maana mchungaji huhamishwa.

La pili ni barua. Kila mmoja apewe barua yenye muhuri kwa kanisa lililo karibu na chuo, au kwa umoja wa wanafunzi wa dhehebu lake. Mistari mitano inatosha: huyu ni nani, ametoka wapi, anapenda huduma gani, mpokeeni, mkiona shida tupigieni namba hii.

La tatu ni mlezi. Kila mwanafunzi awe na familia moja, mbali na wazazi wake, iliyokubali kumpigia simu mara mbili kwa mwezi. Msipige siku ya matokeo peke yake. Pigeni siku ya kawaida, muulize mambo ya kawaida: leo umekula nini, unasoma na nani, Jumapili au Sabato ulisali wapi. Akijibu "niko salama" haraka mno, ulizeni tena kwa upole.

La nne ni zamu ya maji. Mkichanga, gawanyeni. Sehemu aondoke nayo, sehemu ibaki kwa mweka hazina, apelekewe wiki ya sita au ya saba, wakati unga umeisha na mitihani ya majaribio imeanza. Fedha ndogo iliyofika wiki hiyo anaweza kuikumbuka kuliko bahasha nene ya siku ya kuagwa.

Na ninyi mnaoishi jirani na vyuo, huko Dodoma, Morogoro, Usa River au Ubungo, watoto wetu wanakuja kwenu. Mkimwona kijana mgeni amekaa benchi la nyuma Jumapili mbili, msingoje ajitambulishe. Yule mama lishe hakungoja.

Neno la mwisho ni lako, mwanangu unayefunga begi. Fibi hakuwa mtu wa kupokea tu. Paulo anasema alikuwa amewasaidia wengi, na yeye Paulo akiwamo. Ukifika, peleka barua yako wiki ya kwanza, usiifiche chini ya godoro. Ukikwama, sema mapema. Kuomba chakula si aibu, na kulitumikisha kanisa lako si dhambi. Kisha angalia kitanda cha jirani yako. Labda yeye ametoka Kigoma au Mtwara na hana barua yoyote. Wapikie makande. Na likizo ukipanda milima, usikae tu ukisubiri kuitwa msomi. Wafundishe wadogo zako hesabu, wasaidie kina mama kuweka sawa vitabu vya kikundi chao. Maji yaliyokufikia yaache yashuke kwenye shamba linalofuata.

Ndugu yangu, leo baada ya ibada usikimbilie nyumbani. Muulize katibu, "Tuna vijana wangapi vyuoni, na nani aliongea nao wiki hii?" Akikosa jibu, mwombe daftari na kalamu, uanze wewe.

Tuombe. Ee Baba, tunakukabidhi watoto wetu wanaosafiri. Utusamehe kwa wale tuliowaaga na kuwasahau. Umbariki kila mama na kila baba wa njiani aliyewalisha tusipokuwapo. Utupe macho ya kuona sahani iliyo tupu, na uaminifu wa kupiga simu siku ya kawaida. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.